Siku kumi na maji ya mto: kutoka chanzo hadi chupa ya mwisho

Mto wa safari hii ni wa aina inayopatikana kila bara. Unazaliwa msituni mlimani, unapita mashambani, unapita mjini penye mtambo wa majitaka, unapokea bomba la kiwanda cha ngozi, kisha unalala bondeni ukienda polepole. Vituo ni vitano, siku za barabarani ni tano, na siku za kusubiri majibu ni tano nyingine. Gari la pili hukimbiza sanduku la barafu maabara kila jioni, kwa sababu maji yakishaingia chupani hayatulii. Bakteria wanaendelea kula, gesi inatoroka, metali zinang'ang'ania kuta za chupa. Kila kipimo kina saa yake, na ratiba yote imepangwa kuzifuata saa hizo.

Jumapili, kabla ya kuondoka

Chupa ndizo zinazokula siku. Za metali ni plastiki ya polietilini, zimelowekwa usiku kucha katika asidi ya nitriki ya 10% na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Za viuatilifu ni kioo cha kahawia cha lita 1, na kifuniko chake kina utando wa teflon ndani, maana plastiki hunyonya viuatilifu na mwanga huvivunja. Za bakteria zimepikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kabla ya kupikwa kila moja imetiwa tone la 0.1 mL la sodiamu thayosalfeti ili kuua klorini. Kwa maji ya kunywa mmumunyo wa 3% unatosha, ila kwa maji yatokayo mtambo wa majitaka tumia wa 10%. Klorini ikibaki hai ndani ya chupa itaendelea kuua bakteria njiani, na mto mchafu utafika maabara ukiwa msafi.

Lebo zinaandikwa leo, mezani, kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye barafu, na chupa isiyo na jina ni maji ya kumwaga tu.

Kipima pH kinasawazishwa kwa myeyusho wa 4, wa 7 na wa 10. Cha upitishaji umeme kinasawazishwa kwa myeyusho wa mikrosimensi 1413 kwa sentimita. Chupa mbili za ziada zinajazwa maji yaliyokenekwa. Moja itasafiri bila kufunguliwa hadi mwisho, nyingine itafunguliwa kandokando ya mto na kumiminwa kama sampuli halisi. Metali ikionekana katika ile ya pili tu, uchafu umetoka mikononi mwetu au kwenye vumbi la barabara.

Maabara nako kuna kazi. Dafnia, kidudu-maji mwenye mwili angavu asiyezidi milimita 5, atatumika Ijumaa kupima sumu. Kipimo kinataka watoto wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa, na wasiwe wa uzao wa kwanza. Mama mmoja huzaa takriban kila siku tatu, hivyo kati ya mama 60 ni kama 20 tu watakaozaa usiku unaotakiwa. Wanatengwa leo na kulishwa mwani wa kijani. Katika beseni la mama wakionekana madume, au mayai meusi yenye ganda gumu mgongoni, beseni hilo halifai. Ni dalili kwamba wamebanana, wana njaa au maji yao yameharibika, na watoto wao watakufa kwa sababu zisizohusiana na mto.

Siku ya 1, Jumatatu: chanzo

Vifaa vinakwenda kutoka maji safi kuelekea machafu, kamwe si kinyume. Ndoo iliyogusa maji ya kiwanda cha ngozi haitasafishika kandokando ya mto kwa kiwango cha kupima chanzo.

Mchotaji anaingia kutokea upande wa chini na kusimama akitazama maji yanakotoka, ili tope la miguu yake lisombwe nyuma yake. Mdomo wa chupa unaelekezwa kwenye mkondo, sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa maji, mkono ukiwa nyuma ya chupa. Chupa ya metali inasuuzwa kwa maji ya mto mara tatu kabla ya kujazwa. Za bakteria na za viuatilifu hazisuuzwi: ya kwanza itapoteza thayosalfeti, ya pili itabakiwa na viuatilifu vilivyoganda kwenye kioo na kipimo kitazidi.

Maji ya chanzo mara nyingi ni laini, yana chumvi kidogo sana. Ndani yake kipima pH hubabaika, kinasoma namba moja, kinashuka, kinapanda. Mwenye haraka huandika ya kwanza. Kisubiri hata dakika tano, ukitikisa taratibu, mpaka namba isimame.

Kisha wavu. Mchotaji anapiga teke mawe ya kitandani kwa dakika 3 kamili za saa, wavu wa matundu ya mikromita 500 ukiwa mbele ya miguu yake, upande maji yanakoelekea, na vilivyomo vinamwagwa kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Mwanzoni sinia linaonekana lina majani na mchanga tu. Baada ya dakika moja mchanga unaanza kutembea. Kijiti kidogo kinachojivuta ni buu wa trikoptera, ndani ya ala aliyoijenga mwenyewe kwa punje za mchanga. Kile chembamba chenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni ni efemeroptera. Mwenye mikia miwili anayekimbilia kona ni plekoptera, na huyo anataka maji baridi yenye oksijeni tele. Katika jedwali la Uingereza liitwalo BMWP, familia nyingi za plekoptera hupata alama 10, mabuu wa usubi wasiouma alama 2, na minyoo alama 1. Tumia jedwali la eneo lako kila lilipo, maana wadudu hawafanani bara kwa bara. Mantiki lakini ni hiyohiyo: wadudu wamekaa hapo wiki na miezi, wamekunywa kila kilichopita usiku, na chupa imeona sekunde kumi tu.

Kituo hiki huwa cha kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ni kosa kubwa. Miamba mingine hutoa aseniki au floraidi yenyewe bila mkono wa mtu, na bila namba za chanzo kiwanda kitalaumiwa kwa dhambi ya mlima, au kitajificha nyuma yake.

Siku ya 2, Jumanne: mashambani

Hapa watu huchanganya naitreti. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mg 50 kwa lita ikihesabiwa kama naitreti nzima. Ikihesabiwa kama naitrojeni pekee, kiasi hichohicho ni mg 11.3. Maabara moja huripoti hivi, nyingine vile, na mtu akilinganisha 11 ya hii na 50 ya ile atasema maji ni salama mno wakati yako ukingoni kabisa. Andika kila mara namba ni ya kipi.

Viuatilifu vinachosha zaidi. Vingi huingia mtoni kwa mkupuo, saa chache baada ya mvua ya kwanza kupita juu ya shamba lililopuliziwa, kisha mto unarudi kuwa mweupe kana kwamba hakuna kilichotokea. Chupa ya Jumanne kavu haitavikuta. Ndiyo maana sinia la wadudu lina uzito kuliko chupa katika kituo hiki. Ukikuta konokono na minyoo wapo, oksijeni ni nzuri, lakini efemeroptera waliojaa jana juu ya mto hawapo hata mmoja, fikiria kiuatilifu kwanza. Chupa ya lita 1 inajazwa vilevile, inawekwa gizani kwenye barafu, na maabara ina siku 7 za kuivuna kwa kiyeyushi.

Barafu yenyewe iwe ya vipande, iliyochanganywa na maji kidogo ili iguse chupa pande zote. Vifuko vya jeli hupoza hewa ya sanduku huku chupa za katikati zikibaki vuguvugu. Weka chupa moja ya maji ya kawaida yenye kipimajoto ndani. Atakayepokea sanduku asome chupa hiyo, asisome hewa. Chupa zisigande pia, kwa kuwa kioo kitapasuka na bakteria watakufa.

Siku ya 3, Jumatano: mjini, chini ya mtambo wa majitaka

Saa ya bakteria ndiyo fupi kuliko zote: saa 6 kutoka mtoni hadi kwenye chujio. Kwa hiyo uchujaji unafanyika palepale mjini, juu ya meza iliyofutwa kwa spiriti, mbali na feni na dirisha lililo wazi.

Chujio ni la matundu ya mikromita 0.45, upana milimita 47. Maji machafu hayachujwi mL 100 zote, kwa sababu sahani itafunikwa zulia la makoloni yasiyohesabika. Zinaandaliwa sahani za mL 10, 1, 0.1 na 0.01. Kwa kiasi kilicho chini ya mL 10, ongeza kwanza maji tasa kama mL 20 kwenye faneli, ndipo utie sampuli, vinginevyo makoloni yote yataota upande mmoja. Chujio linalazwa juu ya mlo wa mFC, unaootesha bakteria wa kinyesi, likianzia ukingo mmoja, kama mtu anavyobandika stempu. Pakibaki kiputo cha hewa chini yake, hapo hapataota kitu.

Inkubeta ni nyuzi 44.5, na ruhusa ni 0.2 tu juu au chini. Huo ubahili una sababu yake. Joto likipungua wanaota bakteria wa udongo wasiohusika na kinyesi, na likizidi wanaotafutwa wenyewe wanaanza kufa. Inkubeta ya betri ndani ya gari hushuka injini inapozimwa usiku, kwa hiyo iunganishwe na umeme wa nyumba na kipimajoto chake kisomwe kabla ya kulala. Baada ya saa 24, makoloni ya buluu ndiyo yanayohesabiwa, kwenye sahani yenye 20 hadi 60. Sahani ya mL 1 ikiwa na 34, jibu ni 3,400 kwa mL 100. Sahani ya maji tasa matupu ikiota hata moja, safu nzima ina shaka.

Sasa oksijeni. Chupa ya mL 300 inajazwa kwa mpira unaofika chini kabisa, maji yafurike bila kiputo. Inatiwa mL 1 ya manganizi salfeti, kisha mL 1 ya alkali yenye ayodaidi na azaidi, ncha ya pipeti ikiwa ndani ya maji. Ukigeuza chupa mara kadhaa, wingu linazaliwa. Likiwa la kahawia kama chai ya maziwa, oksijeni ipo. Likiwa jeupe kama ute wa yai, oksijeni imekwisha, na mto umekwisha kukwambia jibu kabla ya kupima. Wingu likizama nusu ya chupa, ongeza mL 1 ya asidi ya salfuriki kali. Wingu linayeyuka kuwa rangi ya dhahabu, nayo inapimwa kwa thayosalfeti na wanga. Ukichukua mL 201 za mmumunyo na thayosalfeti ya 0.025 M, kila mL 1 iliyotoka kwenye bureti ni mg 1 ya oksijeni kwa lita. Hizo mL 201 zinafidia maji yaliyosukumwa nje na vile vimiminika viwili vya mwanzo.

Chupa za BOD zinaondoka na gari la jioni. BOD ni oksijeni ambayo bakteria watakula kwa siku 5, gizani, kwenye nyuzi 20. Siku hizo 5 zilitokana na tume ya kifalme ya majitaka ya Uingereza, iliyotoa mwaka 1912 kiwango cha mg 20 za BOD na mg 30 za chembe zisizoyeyuka, kwa lita. Kalenda nayo isisahaulike. Sampuli za Jumatatu zilizowekwa usiku uleule zinasomwa Jumamosi, za Jumanne zinasomwa Jumapili. Mtu wa zamu apangwe sasa. Chupa iliyosomwa siku ya saba kwa sababu ofisi ilifungwa si BOD ya siku tano.

Siku ya 4, Alhamisi: kiwanda cha ngozi

Maabara, saa 3 asubuhi, watoto wote wa dafnia wanaondolewa kwenye mabeseni. Watakaokutwa kesho saa 3 watakuwa hawajafikisha saa 24.

Mtoni, kabla ya kuchota chochote, kipima upitishaji umeme kinavutwa kutoka ukingo hadi ukingo, kila mita moja au mbili. Maji ya kiwanda cha ngozi yana chumvi nyingi kutokana na ngozi zilizohifadhiwa kwa chumvi, na mara nyingi hukumbatia ukingo mmoja kwa umbali mrefu kabla ya kuchanganyika na mto. Anayechota ng'ambo ya pili anachota maji ya jana. Kituo kinawekwa pale ambapo namba zimekuwa sawa ukingo kwa ukingo, na sampuli nyingine inachukuliwa kwenye bomba lenyewe.

Bomba nalo halitoi kitu kimoja. Mapipa ya kunyonyolea manyoya hutumia chokaa na salfaidi, maji yake yakikaribia pH 12. Mapipa ya kromi hutoa maji ya asidi. Saa 4 asubuhi linaweza kumwagwa pipa hili, saa 8 mchana lile. Sampuli moja ni bahati nasibu. Bora mL 200 kila saa kwa saa 24, zikusanywe kwenye chombo kimoja barafuni, na pH isomwe kila inapochotwa.

Hapa kuna hatari inayoua watu kweli. Maji yenye salfaidi yakikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Harufu ya yai viza huonekana mapema, lakini gesi ikizidi pua hufa ganzi na harufu hupotea, na mtu hudhani imepungua. Hakuna kuinama kwenye shimo la kiwanda kuchota. Tumia fimbo ndefu na ukae upande upepo unakotoka. Na kosa lilelile hufanyika kwenye chupa: mchotaji aliyezoea kutia asidi ya nitriki kwenye kila chupa ya metali huitia pia hapa, ndani ya gari lililofungwa madirisha. Asidi itiwe nje, taratibu, matone machache kwa wakati, miwani machoni, mpaka pH ishuke chini ya 2. Chupa ya kupimia salfaidi yenyewe haitiwi asidi. Hutiwa zinki asetati na sodiamu haidroksaidi ili salfaidi igande isitoroke.

Kromi inataka chupa mbili. Kiwanda hutumia kromi ya valensi 3, ambayo kwenye maji yasiyo na asidi huganda na kuzama. Ya valensi 6 ndiyo yenye sumu kali na huyeyuka vizuri. Chupa ya kromi yote hutiwa asidi. Chupa ya kromi ya valensi 6 haitiwi kamwe, kwa sababu penye asidi na uchafu wa viumbe inageuka kuwa ya valensi 3 njiani, na maabara itaandika haipo. Inachujwa palepale, inawekwa kwenye nyuzi 4, na ina saa 24 tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha kromi katika maji ya kunywa ni mikrogramu 50 kwa lita.

Chupa za dafnia zinajazwa mwisho, lita 2 kila moja, za kioo, mpaka ukingoni bila hewa: ya bomba, ya mto chini ya bomba, na ya mto juu ya bomba, zote za leo. Zina saa 36 kufika ndani ya kipimo.

Kabla ya kuondoka pimeni mtiririko: upana, kina, na kasi ya kitu kinachoelea ikizidishwa kwa 0.85, maana uso wa maji hukimbia kuliko maji ya chini. Mg 2 kwa lita katika mto wa lita 500 kwa sekunde ni gramu 1 kila sekunde, yaani kilo 86.4 kwa siku. Kiwanda kinaweza kushusha mg kwa kuongeza maji ya kisima. Hizo kilo hazishuki kwa ujanja huo.

Siku ya 5, Ijumaa: bondeni alfajiri, dafnia saa 4

Timu iko majini saa 11 alfajiri, kabla ya jua. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku mwani huohuo huila. Mto unaosoma mg 9 saa 8 mchana unaweza kuwa chini ya 3 alfajiri, na samaki hufa saa hizo. Halafu uchafu wa mji hauui oksijeni mlangoni pa mji. Bakteria huhitaji muda, na maji yanatembea wakati wanakula. Watafiti Streeter na Phelps walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1925 katika mto Ohio: oksijeni hushuka taratibu, hufika shimoni mbali chini ya bomba, kisha hupanda tena. Anayepima mita 100 chini ya mtambo tu atarudi na habari njema ambayo si kweli.

Mashapo yanachukuliwa hapa, penye maji yaliyolala. Chukua sentimita 2 hadi 5 za juu kwa kijiko cha plastiki, kamwe si cha chuma cha pua, ambacho ndani yake kuna kromi. Ile kromi iliyozama kiwandani imekaa humu. Maji juu yake yanaweza kuwa safi kabisa kwenye karatasi. Chepe likigeuza tope jeusi lenye minyoo myembamba myekundu pekee, wavu hauhitaji maelezo mengi.

Maabara, maji ya dafnia yamepashwa taratibu hadi nyuzi 20. Maji ya kuzimulia yametengenezwa: kwa lita moja, kalsiamu kloraidi yenye maji mawili mg 294, magnesiamu salfeti yenye maji saba mg 123.25, sodiamu baikaboneti mg 64.75, potasiamu kloraidi mg 5.75, kisha yakapulizwa hewa. Sampuli ya bomba inazimuliwa nusu kwa nusu: 100%, 50, 25, 12.5 na 6.25. Kila daraja lina bika nne, kila bika watoto watano, na angalau mL 2 za maji kwa kila mtoto. Bika za ulinganisho ni seti mbili, moja ya maji yaliyotengenezwa na moja ya mto wa juu ya bomba. Bila hiyo ya pili, maji laini ya mlimani yanaweza kuwalegeza dafnia na lawama zikaenda kiwandani.

Watoto wanahamishwa kwa pipeti ya mdomo mpana, ncha ikiwa chini ya maji. Ukiwadondosha kutoka juu, hewa inaingia chini ya ganda, wanaelea na kunasa kwenye uso wa maji, na hawashuki tena. Hawalishwi, hawapuliziwi hewa. Seti nyingine inawekwa katika potasiamu daikromati: nusu yao wanatakiwa kusimama, yaani kuacha kuogelea, ndani ya saa 24 kati ya mg 0.6 na 2.1 kwa lita. Nje ya hapo, kizazi hiki cha dafnia hakiaminiki.

Siku ya 6, Jumamosi: saa 24

Bika linazungushwa kidogo, saa inahesabu sekunde 15. Dafnia mzima huruka kwa kudunda, juu, chini, juu, na chini ya hadubini moyo unaonekana ukipiga mgongoni. Asiyeogelea ndani ya sekunde hizo anahesabiwa amesimama, hata kama antena zinatikisika. Msomaji ni mmoja leo na kesho, asijue bika lipi ni la daraja gani.

pH isomwe leo pia, na hapa ndipo wengi hukamata mshitakiwa asiye sahihi. Maji ya bomba yana amonia. Bika likikaa wazi, kaboni dayoksaidi inatoroka na pH inapanda. Kwenye nyuzi 20, pH 7.4 ikiwa na 1% tu ya amonia katika umbo lake la sumu, pH 8.3 ina zaidi ya 7%. Maji yaleyale yamekuwa na sumu zaidi ya mara 7 ndani ya bika, na ripoti itaandika kromi. Kwa hiyo seti ndogo zinafunguliwa pembeni: moja pH imezuiwa isipande, moja imetiwa EDTA inayofunga metali kama shaba, zinki na kadimiamu, moja imetiwa thayosalfeti inayozima klorini na jamaa zake. Seti ambayo dafnia wanaendelea kuogelea ndiyo inayotaja mkosaji.

BOD ya chanzo inasomwa jioni. Maji yaliyotumika kuzimulia peke yake yasipoteze zaidi ya mg 0.2.

Siku ya 7, Jumapili: saa 48

Hesabu ya mwisho. Katika bika za ulinganisho wasisimame zaidi ya 10%, na oksijeni iwe bado mg 3 au zaidi. Vikishindwa hivyo, kipimo kinarudiwa kwa sampuli mpya, hata kama jibu lilikuwa zuri. Asilimia ya maji ya bomba iliyosimamisha nusu yao inatafutwa kwa mchoro au programu. BOD ya mashambani imesomwa.

Siku ya 8, Jumatatu: BOD ya mjini

Chupa ikiwa na mL 15 za sampuli ndani ya mL 300, ikaanza na mg 8.4 na kuishia 4.2, BOD ni 4.2 gawanya kwa 0.05, yaani 84. Chupa inafaa ikiwa imepoteza angalau mg 2 na kubakiwa na angalau 1. Iliyokauka kabisa haina jibu, maana hujui bakteria wangekula kiasi gani zaidi. Chupa ya ukaguzi, yenye glukosi na asidi ya glutamiki mg 150 kila moja kwa lita, isomeke 198, na tofauti isizidi 30.5.

Siku ya 9, Jumanne: BOD ya bomba la ngozi

Chupa tatu, mL 6, 15 na 30, zote zinafaa kwa masharti ya jana. Zikitoa majibu yanayokaribiana, chukua wastani. Zikitoa, tuseme, 190, 120 na 70, wastani ni kosa. Jibu linapanda kadiri sampuli inavyozimuliwa, kwa sababu kwenye chupa yenye sampuli nyingi bakteria wenyewe wametiwa sumu na hawakula. Namba ndogo inaonekana kama maji safi kumbe ni maji yaliyoua walaji. Weka karatasi hii kando ya ile ya dafnia ya Jumapili. Ripoti inaandika jibu la chupa iliyozimuliwa zaidi, neno "angalau" likitangulia, na majibu yote matatu chini yake.

Siku ya 10, Jumatano: chupa ya mwisho

Chupa za bondeni. Maji yao yana mwani, nao ukiwa gizani siku tano umekula oksijeni pamoja na bakteria, hivyo kijani kilichoonwa kituoni lazima kiandikwe kando ya namba. Chupa zinarudi kwenye asidi ya 10%. Daikromati iliyobaki kwenye bika za majaribio ni kromi ya valensi 6, ileile iliyotafutwa Alhamisi. Inamiminwa kwenye pipa la taka za metali, kifuniko kinafungwa, tarehe inaandikwa. Sinki la maabara humwaga maji yake kwenye mtambo wa majitaka, juu ya kituo cha tatu.